Barabara Inapoishia

Mwaka 2024 mimi na mwenzangu tulitazama video ya wapenzi wawili wakizunguka Estonia kwa gari na hema. Walilala msituni, kwenye sehemu za kambi ambazo serikali ya huko inazitunza na hazilipishwi, wakachoma soseji, wakaoga ziwani. Siku ya nne wakafika mji mdogo wa mpakani. Mwanamke akaweka mguu mmoja Estonia na mwingine Latvia, akacheka, wakaendelea na safari. Video ilipoisha mwenzangu akaniuliza, "Na sisi tungeenda wapi?" Nikajibu bila kufikiria sana: "Busia."

Alicheka kwa sababu Busia ni kwetu, na ukivuka tu ni kwao. Hakuna mtu anayebeba hema kwenda kwao. Lakini nilikuwa na sababu yangu. Nilikuwa sijalala nyumbani kwa miaka mitatu, tangu nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Nilitaka kufika nyumbani bila kulazimika kulala nyumbani. Hema tukanunua Gikomba, la mitumba, lina kiraka kimoja. Probox tukaazima kwa mjomba wake. Daftari nikabeba mimi, maana tangu niache chuo nimekuwa nikisoma historia ya huu mpaka peke yangu, bila mwalimu na bila mtihani.

Kulikuwa na jambo lingine pia. Baba yake, anayeishi Tororo, alikuwa ameshaanza kuuliza swali ambalo wazazi wa mpakani huuliza mapema: mkioana, mtaishi upande gani?

Usiku wa kwanza: Sio Port

Kutoka Kisumu tulipita Maseno, Luanda, Yala na Ugunja. Tulipofika Bumala, badala ya kunyoosha kwenda Busia, tulikata kushoto kuelekea Funyula. Nilimwambia nataka tuone ziwa kwanza. Ukweli ni kwamba kunyoosha kungetufikisha kwetu kabla ya giza.

Mama mmoja anayeuza omena alitukubalia tuweke hema uani kwake kwa shilingi 300. Alituuliza maswali mawili tu: kama tumeoana, na kama tunajua kwamba viboko hutoka usiku. Kwa swali la kwanza tulijibu "bado kidogo, mama," naye akacheka hadi akakaa chini.

Ukiwa Sio Port, Uganda unaiona. Mto Sio unaingia ziwani hapa, na ng'ambo ya mto ni nchi nyingine. Lakini Wasamia wako huku na wako kule, wanazikana, wanaoana, wanasalimiana kwa lugha moja. Zamani milima ya Samia ilijulikana kwa chuma. Wahunzi wa hapa waliyeyusha mawe na kufua majembe yaliyosafiri mbali kuzunguka ziwa. Majembe hayo yalitumika kununulia vitu, na hata kulipia mahari. Hakuna aliyemuuliza mhunzi jembe lake limetoka upande gani wa mto.

Desemba 1883 alifika Mskoti mmoja wa miaka 25, Joseph Thomson. Alitoka pwani na wapagazi, wengi wao wa Zanzibar, akapita nchi ya Wamaasai, akafika mahali palipoitwa Kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, kisha akashuka mpaka ziwani pande hizi za Samia. Vitabu vya shule vilituambia huyo ni "mpelelezi". Wenyeji wa Mumias hawakuona upelelezi wowote, kwa sababu misafara ya Waswahili ilikuwa imeshafika kwao kabla yake, na ilikuwa ikipiga kambi hapo kununua pembe za ndovu na chakula. Hiki Kiswahili ninachokuandikia kilifika Magharibi mwa Kenya kwa miguu, midomoni mwa wapagazi, kabla ya shule na kabla ya redio. Thomson alipiga hema, akaandika mambo kwenye daftari, akarudi kwao, akachapisha kitabu mwaka 1885.

Mwaka huohuo Askofu James Hannington alipita njia hiyohiyo ya mashariki akielekea Buganda. Hakufika. Oktoba 1885 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Buganda walikuwa na hofu na wageni wanaoingilia mlango wa mashariki. Kifo chake ni kibaya, sikitetei. Ila ukikumbuka kwamba miaka tisa tu baadaye, 1894, Uingereza ilitangaza Uganda kuwa nchi iliyo chini ya himaya yake, unaelewa kwamba Mwanga hakuwa anaota.

Usiku huo kiboko hakuja. Nilikaa na tochi ya simu nikiandika, na mwenzangu akaniambia, "Wewe na huyo Thomson mnafanana. Hema, daftari, halafu mnaondoka." Sikulala vizuri baada ya hapo.

Barabara na reli

Asubuhi tulirudi Bumala tukageuka kuelekea Busia. Hii lami tunayopita na mabasi ya Kampala ina babu yake. Mwaka 1890 William Mackinnon, mwanzilishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alianza kujenga njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa. Kuanzia Kibwezi kazi ikaendelezwa na Kapteni Sclater wa jeshi la Uingereza. Mwisho wake ulikuwa Busia, karibu kilomita 970 kutoka baharini. Kabla Busia haijawa mji, tayari ilikuwa mahali barabara inapoishia.

Baadaye ikaja reli. Walipopima njia mwaka 1892, wazo lilikuwa reli ifike ziwani Port Victoria, jirani kabisa na Sio Port tulikolala. Ingefika huko, labda leo Port Victoria ingekuwa jiji na Kisumu ingekuwa kijiji cha wavuvi. Lakini mpango ukabadilika. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, na Desemba 1901 reli ikafika Kisumu, wakaiita Port Florence.

Sasa sikiliza kichekesho. Reli hii iliitwa Reli ya Uganda, na watu wengi hudhani lilikuwa jina la mahali inapoelekea tu. La. Kisumu ilikuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea mpaka pande za Naivasha. Reli ilifika Uganda kweli, na baada ya miezi michache Uganda ikaondoka. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa huo wote ukawa sehemu ya ile tunayoiita Kenya, sababu kubwa ikiwa kwamba walitaka reli nzima iwe chini ya utawala mmoja. Watu wa Busia, Kisumu, Kakamega na Nandi walilala Uganda wakaamka Kenya. Hakuna aliyehama hata hatua moja.

Mstari mpya ulihitaji mahali pa kupita, na mito ni rahisi kuchora. Ukafuata Sio, ukafuata Malaba, ukapanda hadi Mlima Elgon, ambao Wagisu na Wabukusu huuita Masaba. Amri ya mwaka 1926 ikauandika mpaka huo kwa kirefu kwenye sheria. Wasamia wakagawanywa. Wateso wakagawanywa. Waliochora walikuwa na tatizo la reli, wakalitatua.

Usiku wa pili: Busia mjini

Tulipita kona ya kwetu saa tano asubuhi. Iko nje kidogo ya mji, kuna kinu cha kusaga na mti wa mwarobaini. Mwenzangu alipunguza mwendo bila kuniuliza. Nikamwambia, "Endesha." Akaendesha.

Busia ni mji mmoja wenye bendera mbili. Ukitembea barabara kuu unafika kituo cha mpaka, unavuka, unaendelea na Busia ileile, ila sasa bei ni za shilingi nyingine na mtaa unaitwa Sofia. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka. Na tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi na Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018, unasimama mara moja tu, upande unaoingia, na maafisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja.

Hapo zamani ulisimama mara mbili, na kati ya vituo viwili kulikuwa na kipande cha ardhi cha kutembea na mizigo juani. Ndipo vijana wenye baiskeli wakaona kazi. Wakaweka kijiti cha sponji nyuma, wakawa wanaita abiria: boda! boda! Yaani, nakupeleka kutoka mpaka hadi mpaka. Neno lenyewe ni la Kiingereza lililopindwa na ulimi wa hapa. Miaka ya 2000 pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli, na leo ukiwa Juba au Mwanza mtu akisema "boda" hajui kwamba anaitaja Busia na Malaba. Kama kuna kitu ambacho mpaka huu umeupa ulimwengu, ni hicho.

Wapo wengine walioujua mpaka kuliko maafisa. Watu wenye ulemavu wa miguu walijenga biashara nzima ya kuvusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Kwa miaka mingi wakaguzi waliwapitisha bila usumbufu mwingi, na wao wakageuza huruma hiyo kuwa ajira, wakasomesha watoto. Na wapo akina mama wa mahindi, maharagwe, ndizi na samaki, ambao ndio wengi. Mama yangu ni mmoja wao.

Pale kwenye mstari mwenzangu aliniambia nisimame nipigwe picha kama yule mwanamke wa Estonia, mguu huku mguu kule. Nikasimama. Askari akatutazama kama watu waliokosa kazi.

Ule mji wa kwenye video unaitwa Valga upande wa Estonia na Valka upande wa Latvia. Niliufuatilia baadaye. Estonia na Latvia zilipopata uhuru zilishindwa kukubaliana nani auchukue, wakaitwa wasuluhishi, na mwaka 1920 Mwingereza mmoja, Stephen Tallents, akapitisha mstari katikati ya mji. Waingereza tena! Miaka kumi na minane tu baada ya kuhamisha Kisumu. Lakini tangu Desemba 2007 nchi hizo mbili zinatumia utaratibu wa Ulaya wa kutokagua watu mipakani, na vizuizi viliondolewa. Ndiyo maana yule dada alicheka akaendelea. Mstari wake umelala usingizi. Wa kwetu unaweza kuamka wakati wowote, na umeshaamka mara nyingi.

Mara moja uliamshwa kwa hotuba. Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya Kenya magharibi, hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi, kihistoria ni Uganda. Watu humcheka Amin, lakini zipo ramani za zamani zilizompa pa kuanzia, zile za kabla ya Aprili 1902. Kilichomkatalia ni makubaliano ya Afrika yenyewe. Julai 1964, Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe jinsi ilivyo, hata kama ni mibovu, kwa sababu kuifungua mmoja ni kuifungua yote. Kenya ilijibu kwa ukali. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda, na Amin akalegeza maneno. Julai mwaka huohuo, baada ya makomando wa Israel kuvamia Entebbe na ndege zao kuongezewa mafuta Nairobi, Wakenya waliokuwa Uganda wakaandamwa na wengine wakauawa. Kukhu, bibi yangu mzaa mama, alikuwa na dada yake aliyeolewa ng'ambo. Mwaka huo wote hawakuonana. Nyumba zao hazifiki kilomita tano.

Usiku tulilala kwenye uwanja wa kanisa. Mlinzi alitupa ndoo ya maji na kutuambia tusiwashe moto.

Mahindi ya mama

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa mwenzangu.

Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona. Malori yaliruhusiwa, watu hawakuruhusiwa. Madereva walipimwa kabla ya kuvuka na foleni ya Malaba ikawa ya makilomita. Mama mwenye magunia kumi hana lori. Biashara yake ilikaa karibu mwaka mzima. Kwa wafanyabiashara wadogo kuna utaratibu mzuri kwenye karatasi: mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti rahisi cha kuonyesha umetoka wapi, na hautozwi ushuru wa forodha. Lakini karatasi haisaidii mpaka ukiwa umefungwa.

Alipoanza kuamka, ikaja Machi 2021. Amri ilitoka Nairobi kwamba mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie Kenya kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikalegezwa, mahindi yakaruhusiwa kwa masharti mapya ya vyeti na usajili. Siku chache kwa mtu wa Nairobi ni habari ya jioni. Kwa mama, ambaye alikuwa ameungana na wenzake watatu kukodi lori, zilikuwa siku za mahindi kukaa mvuani huku wakilipia lori.

Mahindi yale ndiyo yalikuwa karo yangu. Dada yangu alinipigia akaniambia mama amekopa kwenye chama ili nisikose mtihani, na ameweka rehani cherehani. Wiki hiyo nikafunga sanduku nikaondoka chuoni. Nyumbani nikasema nimechoka na masomo, sioni maana. Niliona ni afadhali wanione mtoto mpumbavu kuliko mama aendelee kukopa. Baba akasema sawa, kama umechoka, usije hapa kutuchosha na sisi.

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu mpaka huu. Sijakutana na ukurasa unaoandika kwamba mpaka ukifungwa siku saba, kuna msichana anaacha chuo. Na ukiangalia kwenye hesabu za biashara ya mwaka huo, hilo halionekani.

Malaba, na ndama wa 1987

Siku ya tatu tukachukua barabara ya Busia kwenda Malaba, tukipita Alupe. Malaba ni Busia iliyonenepeshwa na malori. Matangi ya mafuta na makontena ya kwenda Kampala, Kigali na Kongo yanapita hapa. Mwaka 2008 mapema, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na reli ikang'olewa Kibera, Uganda ilipungukiwa mafuta. Huko Kampala ndipo watu walipojua kura za Kenya zinapigwa kwa niaba ya nani wote.

Reli ya pili inapita hapa pia, ile iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret. Ilifika Kampala mwaka 1931. Babu ya mwenzangu aliifanyia kazi, Tororo, chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mabehewa yaligawanywa, na yeye, aliyeajiriwa na nchi tatu, akabaki na nchi moja isiyo na mafuta ya injini. Jumuiya mpya ilisainiwa Novemba 1999. Yeye alishakufa.

Pale darajani, juu ya mto Malaba, mwenzangu alinisimulia tena stori ya ndama. Nilikuwa nimeisikia mara tatu, lakini hapo ilikuwa mahali pake.

Baba yake ni Mteso wa Tororo, mama yake Mteso wa Amukura, upande huu. Desemba 1987 mahari ilikuwa ng'ombe watano, wavushwe Malaba waende Amukura. Watatu walivuka. Kisha askari wa nchi mbili wakaanza kurushiana risasi Busia, kila upande ukisema mwenzake ndiye aliyeanza, na mpaka ukafungwa. Ng'ombe wawili wakabaki Uganda. Tarehe 28 Desemba Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walikutana hapahapa Malaba kutuliza mambo. Magazeti yaliandika kuhusu marais. Kwao na mwenzangu walichokumbuka ni kwamba ng'ombe walipovuka hatimaye, mmoja alikuwa amezaa. Wazee wakakaa siku nzima wakibishana: ndama amezaliwa baada ya mahari kukubaliwa, kwa hiyo ni wa Amukura. Hapana, amezaliwa Tororo, amekula nyasi za Tororo, ni wa Tororo.

"Wakaamuaje?" nikauliza, ingawa najua.

"Akapewa kukhu aliyewapikia hao wazee," akasema, akitumia neno la kwetu, maana kwao bibi ni tata. Alijua litanigusa.

Usiku wa tatu: Kakapel

Kutoka Malaba tuliingia ndani, Teso Kaskazini, hadi Kakapel. Ni mwamba mkubwa wenye pango la wazi chini yake, na kwenye ukuta kuna michoro: duara zilizozungushiana, mistari, ng'ombe wenye pembe ndefu. Ni ya vizazi tofauti vya watu tofauti, mmoja akichora juu ya mwenzake. Mwaka 2004 serikali ilipatangaza kuwa urithi wa taifa. Watoto wa jirani walitusindikiza bila kuitwa na kutuonyesha ng'ombe mmoja baada ya mwingine.

Julai 2024, mwezi mmoja kabla hatujafika, watafiti walichapisha walichokipata walipochimba chini ya mwamba huo. Watu wamekuwa wakikaa hapa kwa miaka kama 9,000. Wa kwanza walikuwa wawindaji na wavuvi. Baadaye wakaja wafugaji, baadaye wakulima, kila kundi na mbegu zake. Kunde moja iliyoungua ilipimwa ikaonekana ina miaka kama 2,300, na ni miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa wa kilimo cha mazao Afrika Mashariki. Wimbi pia limepatikana, la miaka isiyopungua elfu moja. Watafiti wenyewe walieleza kwamba chakula cha hapa kimejengwa kwa watu kuhama na kukutana, mmoja akimwachia mwingine mbegu.

Nilikaa chini ya ule mwamba nikafanya hesabu ya dukani. Miaka 9,000 ya watu. Mpaka una miaka 122. Ukiifanya hiyo miaka 9,000 kuwa siku moja, mpaka umekuja zikiwa zimebaki dakika ishirini usiku wa manane ufike. Na kunde ile ilikuja na mtu aliyetoka upande mwingine. Upande upi, hakuna wa kumgongea muhuri.

Lakini sitaki kudanganya kwamba mstari si kitu. Miaka 122 ndiyo maisha ya kukhu, ya mama, na yangu. Dakika ishirini hizo ndizo tunazoishi sisi. Na nilipokuwa nikitazama ile michoro niliona kinachotuumiza: mstari wenyewe tumeuzoea, tumeuwekea baiskeli, vyeti, ndoa, hata vichekesho vya ndama. Tusichoweza kukizoea ni kutojua lini utafungwa, na kutoulizwa. Aprili 1902, Februari 1976, Desemba 1987, Machi 2020, Machi 2021. Kila mara aliyefunga alikuwa mbali, na tatizo lake lilikuwa la kweli: reli, ugomvi, ugonjwa, sumu. Na kila mara aliyelipa ni yule mwenye dada kilomita tano kutoka kwake.

Halafu nikajiona. Na mimi nilifunga. Niliamua nikiwa mbali, kwa sababu nzuri, bila kumuuliza anayehusika. Mama hakuwahi kujua kwa nini.

Usiku wa nne

Tulifika kwenye ile kona ya mwarobaini saa kumi na moja jioni. Safari hii alisimamisha gari kabisa na kuzima injini. Nikatembea mwenyewe hadi langoni.

Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Alinitazama kwa muda, akasema, "Umekonda." Kisha akatazama barabarani. "Na yule ndani ya gari?"

"Ni mgeni, mama. Wa Tororo."

Hakusogea kwenda kumsalimia, na mwenzangu hakushuka kumpa mkono. Kwetu mkwe mtarajiwa na mama wa msichana hawashikani mikono, na mambo hayo yeye anayajua vizuri. Baba alitoka, akaenda mpaka kwenye gari, akazungumza naye kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Niliwaona wakionyeshana kitu kwenye boneti. Baadaye niliambiwa walikuwa wakizungumzia bei ya mafuta Malaba.

Nilimsimulia mama habari ya chuo nikiwa nimekaa kwenye gunia. Cherehani, chama, mahindi, yote. Alinyamaza hadi maharagwe yakaisha kwenye ungo. Kisha akasema lile deni la chama alilimaliza mwaka huohuo, Desemba, na cherehani iko pale ndani imefunikwa kitambaa. "Ungeuliza," akasema. Hakuongeza neno.

Giza lilipoingia likaja suala la kulala. Msichana na mwanamume ambaye hajatoa mahari hawalali pamoja katika boma la baba yake, hilo halina mjadala hata kama mmetoka kulala hema moja siku tatu. Mama alisimama mlangoni na taa ya sola akatoa hukumu: "Mgeni ana nyumba yake, aiweke pale chini ya mwembe. Wewe ingia ndani."

Basi mwenzangu akapiga hema chini ya mwembe peke yake, na mimi nikalala kwenye kitanda changu cha zamani. Kati yetu kulikuwa na hatua kama thelathini. Usiku akanitumia ujumbe: "Huku ni Uganda. Kwenu vipi?" Nikajibu kwamba huku kuna umeme.

Asubuhi baba alimpelekea chai mwenyewe, na nikamsikia akimuuliza lile swali, wakifika mbali mtaishi upande gani. Mwenzangu alisema hajui bado. Baba akanywa chai yake, akamwambia ni sawa, wafikirie, ila popote watakapojenga wahakikishe kuna njia mbili za kufika.